Aya ya Mwisho Iliyokatwa

Jumatatu, 4 Machi

Dada amefuta upasuaji wake wa Alhamisi. Nimeambiwa na muuguzi wa wodi, kwa simu, saa nne kasorobo. Kwenye faili lake ndugu wa karibu ni mimi. Sababu aliyotoa: anajaribu tiba nyingine kwanza. Nafasi inashikiliwa hadi keshokutwa saa kumi jioni, kisha anapewa mwingine. Akiikosa hii, ni wiki sita. Uvimbe wa utumbo hauna subira ya wiki sita.

Nikaenda kwake. Jikoni sufuria kubwa, majani yanachemka, harufu kama chuma kilicholowa. Kwenye mlango wa friji — habari yangu ya gazetini! Ile ya mwezi jana: watafiti wamepata kemikali ya majani inayozuia seli za saratani kula sukari, zikafa kwa njaa. Picha ya kichaka kubwa kuliko maandishi. Dada amepigia mistari kwa kalamu nyekundu. Miaka thelathini ya kufundisha hesabu haimtoki mtu.

Nikamwambia hiyo si dawa.

"Jina lako liko hapo juu. Unabishana na nani, mdogo wangu?"

Nikaisoma upya nikiwa nimesimama. Aya ya mwisho haipo.

Jumanne, 5 Machi

Nimefungua kompyuta ya ofisi. Niliyotuma ilikuwa na aya tisa. Zilichapishwa nane. Ya tisa ilisema: majaribio ni ya seli kwenye vyombo vya maabara tu, hakuna mnyama wala mtu aliyepewa, seli zenye afya nazo zinaishi kwa sukari.

Mpanga kurasa — tunamwita Mkasi — hakushtuka. Tangazo la magodoro liliongezeka sentimita nne, akakata chini.

"Si wewe ulinifundisha, mkuu? Cha lazima juu, cha kukatika chini."

Kweli. Nilimfundisha mimi. Na aya hiyo niliiweka chini mimi.

Mhariri anasema hakuna kosa, kila neno lililochapishwa ni kweli. Nimemwambia ndiyo maana ni mbaya. Tumevutana nusu saa. Amenipa ufafanuzi wa mistari mitatu, kesho, ukurasa wa pili.

Mchana, maabara. Mkemia aliyeongoza utafiti akanionyesha vile visahani: seli zenyewe hazionekani kwa macho, ni maji ya waridi tu. Nikauliza mtu akinywa majani yaliyochemshwa itakuwaje.

"Unauliza kwa ajili ya gazeti?"

Nikasema ndiyo. Halafu nikasema hapana, ni dada yangu.

Akavua glavu. "Hatujui. Andika hivyo hivyo: hatujui. Ila tulijaribu na seli za ini, nazo zilikufa. Aache leo. Na daktari aambiwe kabla hajamgusa."

Seli za ini! Hilo sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa naye saa nzima mwezi jana, nikauliza seli za saratani tu, sikuuliza zenye afya.

Nilimpigia dada. Hakupokea. Shemeji alipokea: "Amelala. Amekunywa, amelala."

Jumatano, 6 Machi

Ufafanuzi umetoka. Mistari mitatu, chini ya matokeo ya bahati nasibu. Nimempelekea dada saa tano. Akausoma mara mbili, kalamu mkononi.

"Mbona hii ndogo?"

Nikamweleza yote — tangazo, Mkasi, aya, ini. Shemeji akasema kumbe magodoro yana thamani kuliko ini la mkewe. Dada akacheka, kisha akashika tumbo.

"Darasani ningekupa sifuri. Hesabu sahihi, jibu umelificha nyuma ya karatasi." Akafunika kalamu. "Ungekuwa wewe?"

"Ningelala wodini leo."

"Basi twende. Lakini nisisemewe kama mtoto."

Tumefika saa tisa na dakika tano. Nafasi ilikuwepo. Muuguzi kampa kitanda karibu na dirisha, kamfunga utepe mkononi. Daktari wa upasuaji amekuja mwenyewe. Nimemwambia majani gani, tangu lini: tarehe 17 Februari, siku kumi na nane bila kuruka. Hakufoka. Angefoka ningeona nafuu. Ameagiza vipimo vya sukari na ini. Sukari imesomwa hapo hapo, ipo chini kidogo. Ini likiwa limeguswa, hampasui kesho. Lini basi? Hakusema.

Akauliza vikombe vingapi kwa siku.

"Viwili," dada akasema.

Shemeji, nyuma yake, akainua vidole vinne.

Daktari ameviona. Ameandika. Sijui ameandika ngapi.

Damu imekwenda maabara saa kumi kasoro dakika kumi. Majibu ya ini: kesho, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chumba cha upasuaji: saa mbili.