Muzazi mumoja tu kwenye liste

Kisangani, siku ya ine, mwezi wa kumi na mbili

Bon, imeisha. Wiki nzima roho yangu ilikuwa juu. Kila mwaka kampuni inafungua liste ya matunzo ya hospitali kwa wiki moja: muke, watoto, na muzazi mumoja tu. Na kwangu wako wawili, mama yangu na bokilo, mama ya muke wangu.

Mama mwenyewe alikata shauri jana. "Andika mwenzangu. Mimi mugongo inaniuma tu. Yeye macho inafifia." Muke wangu akalia, kisha akacheka.

Donc leo asubuhi nikasimama ku bureau, watu ishirini nyuma yangu.

— Citoyen, jina la bokilo yako?

Nikaangalia karatasi yake. Kwetu mwanaume hataji jina la bokilo wala hamuangalii usoni, ni heshima. Jina la bokilo halijapita katika kinywa changu hata siku moja.

— Citoyen, umelisahau?

— Sijalisahau.

Karani akaniangalia, kisha akanisukumia kalamu. "Hata mimi niko na bokilo," akasema. "Andika wewe mwenyewe."

Nikaandika kwa herufi kubwa, na watu wa nyuma wanapiga makofi. Wajinga wale.

Jioni bokilo akapita nyuma ya nyumba, kama kawaida yake, ili tusionane. Leo akasimama. "Aksanti, mwanangu," akaambia ukuta. Mama yangu akacheka mpaka akashika mugongo.

Hata hapa jina lake siliandiki. Nimeliandika mara moja, kwa ajili ya macho yake, na inatosha.