Mitaro Juu ya Nyumba ya Mama

Jumatatu, 4 Machi
Mtaro wa juu tena. Mgongo unauma. Nimepima mlalo kwa fito na jiwe la kamba, nikachimba, udongo nikautupa upande wa chini uwe ukingo. Nitapanda majani ya nepia juu yake, mizizi ishike udongo. Maji ya kilima yasimame hapa, udongo uyanywe. Chini ni nyumba ya mama mkwe. Korongo limeshakula banda lake la kuku.

Naogopa masika. Kila mwaka korongo linasogea.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemwomba Mama ahamie kwangu mvua zikianza. Amekataa. Mzazi halali nyumbani kwa mwanawe, ni mwiko, kuuvunja huleta chira, laana ya kumaliza ukoo. Kutoka kwake hadi kwangu hata uji haupoi njiani! Mume wangu yuko kazini Kericho. Nimempigia, naye hathubutu kumshawishi. Mama ni mkaidi na haogopi kitu. Basi mitaro ndiyo yote niliyo nayo.

Alhamisi, 14 Machi
Kulinyesha kidogo jana. Mtaro wa chini, ule wa mwaka jana, ulijaa, na leo maji yote yamezama. Vyura wanalia palipokuwa na changarawe tupu. Nyuki kwenye maua ya miti ya kaliandra. Mahindi ya Mama hayajawahi kuwa kijani hivi. Nimefurahi kidogo. Kisha nikaona wingu upande wa ziwa, nikarudi kushindilia ukingo.

Jumapili, 17 Machi
Nimetoka kanisani nikakuta ukingo wa juu umebomolewa. Mashimo. Vijana wawili wanaosha udongo wangu kwenye karai. Huku Macalder, kwenye machimbo, mtu akichimba kimyakimya, ameona dhahabu. Hakuna anayefikiri vingine. Nimewaeleza mitaro ni ya kuzuia maji. Mmoja amecheka.

"Mathe, hakuna mtu huchimba hivi juu ya maji tu."

Wameondoka mikono mitupu. Nimebaki nikipima pengo kwa hatua. Pengo lile litakusanya maji yote na kuyamwaga mahali pamoja. Kwa Mama.

Jumatano, 20 Machi
Nimeziba. Nimeshindilia. Nimepanda. Lakini udongo mpya hauna nguvu, na mizizi inataka miezi.

Ijumaa, 22 Machi
Mvua imekuja jioni. Kubwa. Nimekimbia kwa Mama, nikakaa naye. Mwiko ni yeye kulala kwangu, si mimi kukaa kwake, hakunifukuza. Ukingo wa juu ukapasuka palepale pa mashimo. Nimeusikia. Nimemshika mkono nikisali, nikijua tunakufa. Maji yakashuka na mawe, yakapiga nepia ya mtaro wa chini, yakatapakaa kushoto na kulia. Yakasimama. Nimelia mbele ya mkwe wangu bila aibu.

Jumamosi, 23 Machi
Hakuna tope mlangoni. Korongo liko pale pale.

Mama hakungoja chai. Amepanda na jembe hadi kwenye pengo, ameanza kuziba. Nimemwambia apumzike, hii ni kazi yangu. Hakunitazama.

"Nyar Sindo," amesema. Binti wa Sindo, ndivyo anavyoniita tangu niolewe. "Mimi kila mvua nalala na viatu miguuni, nikisikiliza korongo."

Amerudi kuchimba. Nimekwenda kuchukua jembe la pili.