Usiisugue Darubini ya Bunduki

Toronto, Jumapili, 9 Novemba 2025

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Ni bibi yako kwa ukoo tu, bado niko sekondari, lakini nitakueleza yote. Huku sote wazima.

Darubini ya bunduki ya Mjerumani mliyoikuta sandukuni usiisugue! Mwaka jana niliisugua ya kwetu kwa stilwaya ya kusugulia masufuria kabla ya Idi, namba ikafutika. Bila namba ya kuthibitisha kuwa babu aliitoa vitani, baba zangu wadogo wangeendelea kumtania Baba, "Uliinunua sokoni!"

Nikampelekea fundi mzee wa kamera, akaguna: "Binti, umemwosha shahidi!" Kisha akageuza kishikizo, miguu ya chuma inayoibana darubini kwenye bunduki. Chini yake palikuwa na namba ileile iliyoandikwa kwenye cheti alichopewa babu yangu askari cha kuimiliki. Nililia kwa furaha.

Nijibu upesi: chini ya kishikizo chenu pana namba gani?