Inveta Inalia

Jumatano, 12 Machi

Daraja limefunikwa na maji. Magari yote yamesimama na mvua haina haraka. Mimi, Baba na Shangazi tumebanana kwenye hii van niliyoigeuza chumba: kitanda, sinki, sola juu ya paa. Jumatatu daktari wa mapafu anamsubiri Baba. Mashine yake ya oksijeni inakula umeme wa inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na inveta inakula betri ya ndani. Bila jua, sola ni pambo tu.

Nimetangaza sheria. Baba akipumzika bila mashine, inveta inazimwa — ikiwaka inakunywa hata kama haijachomekwa kitu. Simu zinachajiwa moja kwa moja kwenye betri. Shangazi akauliza, na birika lake la umeme je? Nikasema lipumzike. Akanuna. Umri wote ule, ananuna kama mtoto!

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi niliwasha injini, betri ikapata uhai. Lakini mshale wa dizeli umeshuka na hospitali bado ni mbali. Sitawasha tena ovyo.

Dereva wa lori lililokuwa nyuma yetu amegeuza. Anasema njia ya mlimani inapitika, mashimo tu. Baba akakataa, eti mashimo yatamwahi kabla ya mapafu. Wengine wote wamemfuata yule dereva. Tumebaki peke yetu, na gari lenyewe otomatiki — likigoma, kusukuma hakusaidii.

Ijumaa, 14 Machi

Betri imeshuka mno! Nilikuwa sielewi. Nikaenda kutazama mto, kurudi nakuta madirisha yamejaa mvuke. Birika!

Birika na mashine haviendi pamoja, inveta hujikata. Kwa hiyo Baba alikuwa ameichomoa mashine yake mwenyewe. Amekaa, anahema, midomo imepauka, anamsubiri dada yake apate chai. Kumbe ndivyo wanavyofanya kila nikitoka!

Nikafoka. Baba akasema taratibu kwamba huyu ndiye aliyemlea, atamnyimaje maji ya moto? Shangazi hakujua. Aliambiwa oksijeni imeshamtosha kwa leo. Akalia. Na mimi nikalia, ila kwa hasira. Baba ni mjinga. Nampenda, lakini ni mjinga.

Jioni Baba akaagiza niunganishe betri ya ndani na ile ya injini, zisaidiane. Fundi magari mzima, anajua hilo halifanywi, moja huinyonya nyingine! Nami najua. Lakini alikuwa anavuta pumzi kwa mabega. Nikaunganisha.

Jumamosi, 15 Machi

Maji yameshuka, kingo za daraja zinaonekana! Nikageuza ufunguo. Tak-tak-tak. Basi. Betri zote mbili zimenyonywa, na inveta inalia kile kilio chake cha kutaka kujikata. Mawingu yamefunga kila upande. Barabarani hakuna hata baiskeli.

Baba akasema nizime inveta na kila kitu. Betri zikipumzika hupata uhai kidogo, zinaweza kuipa stata ya injini nguvu ya mara moja. Nikamwambia injini isipowaka, na mashine ndiyo basi. Akasema anajua, kwani nani alinifundisha? Nikagoma. Akaivua mipira ya oksijeni puani mwenyewe, akanyoosha mkono, akabonyeza swichi. Kimya. Sikujua inveta ilikuwa na kelele kiasi kile.

Sasa tunasubiri betri. Nimekaa kwenye usukani naandika, mikono isitangulie kugeuza ufunguo. Baba amesema atanyanyua kidole wakati ukifika, na nikiwahi nimeharibu. Shangazi amelitupa birika lake matopeni. Amemkumbatia Baba kwa nyuma, anampepea na gazeti, anamwita "mwanangu".

Shangazi anaponong'ona nigeuze, Baba anatikisa kichwa. Bado.

Shangazi ameomba tena. Safari hii Baba hakutikisa kichwa. Amefumba macho. Natazama kidole, nakitazama tu — Baba, nyanyua! Shangazi ameacha kupepea —