Baba Agoma Kupisha Bwawa

Barbastro, 9 Oktoba 1962

Kaka Blas,

Natumaini baridi ya Ujerumani haijakushinda. Huku mizeituni imezaa vizuri na shangazi Pilar ni mzima, lakini baba yako nusura anitie wazimu. Nasema baba yako, maana mwezi huu simtaki awe wangu.

Wahandisi wa bwawa walitangaza kwamba bonde letu litajazwa maji kabla ya Krismasi. Majirani wote wakahama. Yeye akaketi mlangoni akikata vipande vya nyama ya nguruwe.

"Baba, maji yatakufika shingoni!"

"Basi nitajifunza kuogelea."

Ana miaka sabini na minne, Blas! Nikamleta padri amshawishi; baba akamnywesha mvinyo mpaka akasinzia. Mara mbili nilifunga magodoro, mara mbili akayafungua.

Juzi nikampigia kelele, "Unang'ang'ania mawe haya ya nini?"

Akaweka kisu chini. "Makaburi watayafunika kwa saruji, hawatayahamisha. Mama yenu alikuwa anaogopa hata kuvuka mto. Nimwache chini ya ziwa?"

Jana asubuhi tulichukua sepetu, tukamfukua mama, tukamlaza ndani ya sanduku lake la arusi. Baba alipanda nyumbu akiwa amelikumbatia, akinigombeza njia nzima kwamba namwendesha mnyama vibaya. Nyumba hakugeuka kuitazama hata mara moja.

Tunamzika hapa Barbastro Jumapili ya tarehe 21. Omba ruhusa kazini, uje.

Mdogo wako aliyechoka,
Orosia