Sauti Hupanda kwa Kushoto

Hosea, Fundi wa Sauti,
Kiboriloni, nyuma ya soko la mitumba,
Moshi.
3 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Doris,

Pokea salamu zenye harufu ya kahawa na moshi wa risasi ya kulehemu. U mzima? Ile miguu inayovimba ukisimama sana hospitalini imepungua? Na shemeji je, bado anakula ndizi kwa uma na kisu kama anayemfanyia mtu upasuaji? Mwambie namkumbuka, na kwamba mtori wetu wa ndizi bado unamsubiri. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mimi nina homa isiyouzwa dawa dukani. Nitaifikia.

Vuli imeanza vizuri huku. Ng'ombe wa Mama Mkubwa Yuditha amezaa ndama jike, kampa jina lako, usikasirike, anasema anapiga kelele akiwa na njaa kama wewe. Kahawa ya mwaka huu ni ya kuridhisha. Nimekufungia kidogo pamoja na unga wa ndizi, Brenda wa mzee Ebenezeri atakuletea, maana anakuja huko ng'ambo na ujumbe wa usharika. Barua hii pia iko kwake.

Najua utauliza kwa nini nimeandika kwa mkono wakati simu ipo. Doris, kwenye simu ningepiga kelele, na majirani hapa wana masikio marefu. Peni hainipi nafasi ya kupiga kelele. Mimi wa darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimalizia dirishani, nikisikiliza kwa nje, lakini kuandika najua.

Ulinitumia ujumbe. Ulianza na shikamoo kaka, ukamalizia na "jifunze kwa Davis." Ukaniwekea na picha za ile amplifaya ya gitaa aliyoitengeneza, mbele na mgongoni, ukasema rafiki yako mwanamuziki ameiona na kuagiza moja, na kwamba mtoto wa shangazi yetu anatutoa kimasomaso. Niliusoma nikiwa nimesimama. Nikatafuta kigoda nikakaa, nikausoma tena.

Sasa sikiliza. Unaikumbuka ile amplifaya ya Baba Mkubwa Efraimu, iliyokuwa kona ya sebule imefunikwa kitambaa cha kufuma? Alirudi nayo Nairobi enzi zake za dansi, kabla hajaokoka na kabla hajatuchukua wewe na mimi kutulea. Ilitengenezwa na Mwingereza mmoja kwa mikono yake, mezani kwake, si kiwandani. Wenye fedha huko Ulaya wanazitafuta kama dhahabu. Ndani hakuna kompyuta wala vitufe mia. Kuna valvu, zile taa za kioo zinazowaka kwa wekundu, na transfoma nzito kama jiwe la kusagia. Unaiwasha, unaiacha ipate joto kama mama anavyoacha mtori ukolee, kisha unapiga gitaa. Ukipiga taratibu inaimba. Ukipiga kwa hasira inakwaruza kidogo kooni, kama mtu mzima anayezuia kilio. Hizi za kisasa zina sauti safi kama maji ya chupa, lakini nani amewahi kucheza dansi kwa sababu ya maji ya chupa?

Mimi, kaka yako, niliyetembea Nairobi, Kampala, hadi Lubumbashi nilikolala kwenye gari la bendi, niliifungua amplifaya ile nikaichora waya kwa waya. Nikasuka transfoma kwa mkono. Sanduku nikatengeneza kwa mbao za mgrevilea wa kihambani kwetu, pale kwenye migomba ya nyumbani. Wanamuziki wawili waliofungwa macho walishindwa kujua ipi ya Mwingereza na ipi ya Hosea. Sijisifu, nasema tu kilichotokea. Sawa, najisifu.

Lakini Doris, kila niliyoitengeneza, mgongoni nilichoma jina kwa ncha ya moto: EFRAIMU. Mteja akiuliza, namwambia hii nimeikopi kutoka ya baba yetu mkubwa, naye aliipata kwa Mwingereza. Kukopi si dhambi. Migomba yote ya mlima huu ni kopi: unakwenda kwa jirani, unaomba chipukizi, unapanda kwako. Ila ukiulizwa ndizi hii tamu umeitoa wapi, unasema, kwa mama fulani. Usiposema, wewe si mkulima tena.

Na kuna kitu kimoja nilikikopi ambacho ni kosa. Baba Mkubwa alikuwa mashoto. Kitufe cha sauti kilimkera mkono, basi akafungua, akageuza nyaya mbili. Tangu siku hiyo ukizungusha kushoto sauti inapanda, ukizungusha kulia inashuka, kinyume cha dunia nzima. Ningeweza kurekebisha. Sikutaka. Kila ninapokizungusha nauona mkono wake.

Davis alijifunza kwenye meza yangu. Alikula kwangu, alilala kwangu, mke wangu Loveness akimfulia. Siku moja akaaga, anakwenda Dar kutafuta maisha, nikampa koleo zangu nzuri. Kumbe Dar yenyewe iko Arusha. Amefungua duka, na amplifaya zake ni zile zile, valvu zile zile, kitufe kile kile cha kinyume. Mbele kuna bati linalong'aa limeandikwa DAVIS. Mgongoni hakuna kitu. Nimepata habari hizi kwa nani? Kwako, Doris, kwa ujumbe wako na picha zako.

Nilisema moyoni, ni kijana, njaa. Kisha ikaja Sikukuu ya Mavuno. Davis akashuka na gari, suti ya buluu, akaleta amplifaya moja iwe sadaka kwa kwaya ya vijana. Watu makofi. Mchungaji akasema tuombe, akamnong'oneza mpiga gitaa apunguze. Kijana akazungusha kushoto, kama binadamu yeyote. Doris! Ilinguruma hadi watoto wakalia na jogoo wa mnada akakata kamba akapita katikati ya wazee wa kanisa.

Davis akadaka kipaza sauti. "Msiogope ndugu zangu, huo ni ubunifu wangu mwenyewe. Mfumo wa kisasa."

Mama Mkubwa Yuditha alikuwa benchi la mbele na fimbo yake. "Kisasa gani, we Davis? Huo ni mkono wa mume wangu! Efraimu alikuwa mashoto, hata kijiko alishika hivyo hivyo!"

Kanisa zima likacheka. Davis jasho. Akanitafuta kwa macho, akaniona. "Kaka Hosea, si upo hapo? Shuhudia basi. Wewe si ulikuwa unaniona nikitengeneza?"

Kanisani, Doris. Mbele ya madhabahu na maboga na ndizi za watu. Alitaka mimi nimfukie Baba Mkubwa mara ya pili, kwa mdomo wangu. Nikamwangalia, nikamwona yule yule aliyekuwa anaunguza vidole mezani kwangu na kusema haumii. Nikasema, "Nilikuona, mdogo wangu. Nilikuona."

Watu wakapiga makofi. Mama Mkubwa hakupiga. Tangu siku hiyo sijawasha amplifaya ya Baba Mkubwa. Naona kama itaniuliza.

Juzi Mama Mkubwa kashuka hadi Kiboriloni, kwa miguu yake ile, mkononi ana jani la isale. Katumwa na Davis. Unajua mila yetu: ukiletewa isale la kuombwa msamaha husemi hapana, hata kama mtu kakuchomea nyumba. Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikamuuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Akasema yuko Arusha, ana wateja. Msamaha nao kautuma kwa mtu kama kifurushi cha basi.

Kisha akaongeza, taratibu, "Hosea, hili Davis kalikata mwenyewe kwenye masale yaliyopandwa kaburini kwa Efraimu. Nimeona lilipokatwa. Bado panatoa maji."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote, Loveness shahidi. Jina la Baba Mkubwa Davis kalifuta, halafu kaenda kumwomba jani.

Basi nimesamehe, kwa sababu jani ni jani. Moyo bado uko njiani, utafika kwa wakati wake. Usimwandikie Davis ukali. Duka lake lisifungwe, ni mtoto wa shangazi na watu wake wanakula pale. Nakuomba jambo moja tu. Amplifaya ya rafiki yako ikifika, kabla hujamkabidhi, igeuze, fungua mgongo. Hutakuta jina. Chukua kalamu ya wino usiofutika uandike kwa herufi kubwa: EFRAIMU. Kisha iwashe, uiache ipate joto, umwonyeshe rafiki yako kwamba sauti hupanda kwa kushoto, na umwambie kwa nini. Langu usiliandike. Haya, liandike chini, dogo dogo, pale pasipofika mwanga.

Loveness anakusalimu, Mama Mkubwa Yuditha anakuombea kila asubuhi, na Doris mwenye mkia naye hajambo. Msalimie shemeji na watoto. Mungu aliyetupa baba wa pili asiache baridi hiyo ikuingie mifupani.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, hata unaponiambia nikajifunze kwa Davis,

Hosea