Kazi Imepungua, Neema Atakuja

Viwanja Sitini,
Ifakara.

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi na Baraka tuko salama. Baba watoto naye mzima, yuko huko kwenye kazi ya mashamba ya miwa, anakuja Jumapili moja moja. Miguu yako vipi na baridi la Makete? Ile dawa ya kuchua niliyotuma umeitumia, au umempa jirani kama kawaida yako? Na mwanangu Neema kikohozi kimeisha?

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatumalizani. Ukianza kulia mimi nasema "haya mama", nikikata simu nakuta nimekubali jambo ambalo sijalikubali. Barua hii nimeiweka ndani ya kiroba cha mchele. Isome kwanza, ndiyo upike.

Ulisema umesikia kompyuta imechukua kazi yetu, kwa hiyo Neema abaki huko aanze darasa la kwanza, na mimi nikishindwa nirudi na Baraka. Nikueleze hali ilivyo.

Kazi imepungua, hilo ni kweli. Ofisi yetu inathamini nyumba na mashamba. Mzee Mapunda ndiye mthamini mwenye muhuri. Mimi nashika ncha ya pili ya futi kamba, naandika vyumba, bati, madirisha, nahesabu miembe na michungwa, Baraka mgongoni. Zamani mtu akitaka mkopo, benki haikusogea mpaka Mzee afike kwenye nyumba kwa miguu yake. Siku hizi wana programu. Afisa anaandika kiwanja kilipo, mashine inaangalia picha iliyopigwa kutoka angani, inalinganisha na nyumba zilizouzwa jirani, inatoa bei chai haijapoa. Kuna wiki tunafungua ofisi, tunafagia, Mzee anasoma gazeti la zamani, tunafunga.

Mwezi uliopita benki wakatuita. Kuna mama wa Michenga, mkulima wa mpunga, mashine ilikuwa imempa bei kubwa mpaka afisa mwenyewe akashtuka. Karatasi yao ilisema kiwanja kina nyumba nne, tatu za bati la bluu. Tukaenda. Tumefika, nyumba moja ya tofali za kuchoma, jiko la nyasi, na uwanja mzima mpunga umeanikwa juu ya maturubai matatu ya bluu.

Mzee akasoma karatasi mara mbili. "Mama, nyumba zako nyingine ziko wapi?"

"Zipi hizo?"

"Hizi tatu za bluu."

Yule mama akatazama karatasi, akatazama uani, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Baba, hizo mimi nazikunja jioni, naziweka mvunguni! Ukitaka moja sema, nikufungie uondoke nayo."

Njiani Mzee alikuwa na furaha sijaiona tangu mwaka jana. "Umeona, Mama Neema? Mashine haijui kuanika mpunga! Watarudi hawa."

Tulipopeleka ripoti, yule afisa wa benki akaniuliza mimi, maana ndimi niliyepiga picha: mtu atajuaje hili ni turubai na si bati? Nikamwambia. Turubai utaliona wakati wa mavuno, mvua zikianza hulioni tena. Bati lina kivuli pembeni, turubai halina. Na nyumba iliyofungwa miezi mitatu msidhani imetelekezwa, wenyewe wamehamia shambani kulinda mpunga, wanalala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, na hilo dungu nalo msilihesabu nyumba. Akaandika yote. "Asante sana dada, tutairekebisha."

Tulipotoka nje Mzee akasimama. "Mama Neema, umemfundisha bure mtu anayetufungia ofisi."

"Mzee, si ameniuliza."

"Siku nyingine ukiulizwa, kohoa."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Hapo ndipo nikajua nilichofanya.

Benki hawajatuita tena. Wiki mbili baadaye Mzee akaniambia nije siku tatu tu kwa wiki. Hakuwa na hasira, alisema huku anakunja futi kamba. Kisha yule afisa akanipigia, wanatafuta mtu wa kupita vijijini kupiga picha za nyua, vihenge vya kuwekea mpunga na madungu, ili programu yao iyajue. Sikumjibu mpaka nilipomwambia Mzee. Akasema, "Nenda. Usipoenda wewe ataenda mwingine, na huyo hatajua hata kihenge." Basi siku mbili nafanya hiyo. Picha zikishatosha sijui itakuwaje, na sijiulizi kila siku.

Kwa hiyo ukiuliza kama kazi ipo, ipo nusu. Lakini Mama, Neema hakuja kwako kwa sababu ya kazi. Ulimchukua nilipopasuliwa kumzaa Baraka, siwezi kuinua hata ndoo. Ulinifaa, na sitasahau. Sasa ndoo nainua.

Jumapili ulipompa simu nilimsikia akikuuliza, "Bibi, ni yule anti wa Ifakara?" Wewe ulicheka. Mimi nilimsalimia, nikamwuliza amekula nini, akasema viazi, nikakata simu, nikaosha vyombo. Nikisubiri kazi itulie, mtoto atafika darasa la nne ananiita anti.

Nimeshaongea na mwalimu wa shule ya Lipangalala, hapa jirani, nafasi ipo. Shule zikifungwa Desemba nakuja mwenyewe. Nitalala siku mbili, ya tatu tunaondoka. Usinitafutie mtu wa kumleta, na usimtishe na mamba wa mto Kilombero, sisi tunakaa mbali na mto. Sweta zake usifungashe nyingi, hapa atatoa jasho mpaka aizoee hali.

Ukitaka kuja naye ukae hata miezi miwili, kitanda kipo. Hilo nalisema kwa moyo. Ila la kumwacha huko, Mama, tusilirudie kwenye simu.

Msalimie kaka, mwambie nimesikia ameoa kimyakimya na shemeji simjui hata sura. Mpe pole shangazi kwa msiba wa mkwewe. Mwalimu wa kwaya mwambie sauti ya pili bado naiweza, nikipata muda wa kupumua.

Najua Neema atalia kwenye basi. Alie. Hata siku ulipomchukua hapa stendi alilia, akafika kwako akanyamaza. Na kwangu atanyamaza.

Akupendaye, mwanao,
Tumaini